Mutoto Mwenye Alinitafuta na Pua

Binti yangu ni mwalimu ya biologie. Juzi alikuwa anatayarisha leso ya kufundisha banafunzi, akaniambia: "Mama, kuko ndege ya bahari inaruka siku mingi juu ya maji, hapana muti, hapana mulima. Inafuata harufu. Na ikirudia ku kisiwa, hata mu giza, inatambua shimo yake kati ya mashimo mingi sana, na pua tu."

Nikacheka. "Donc ulisoma miaka yote ile juu ya kujua kitu ulijuaga ukiwa na miaka ine?"

Yeye hakumbuki. Mimi nakumbuka bien.

Wakati ya vita nilikuwa nauzisha samaki ya moshi ku soko ya Beni. Harufu yake iliingia mu bikwembe, bile bitambaa nilikuwa najifunga, mu nywele, mpaka mu ngozi. Jirani yangu alikuwa ananichokoza eti ku misa padri anajua nimefika mbele ya kugeuka anione. Vita ikatufikia. Nikamubeba mutoto ku mugongo, tukakimbia na muguu mpaka Butembo, bakatulalisha mu classe moja ya shule, familia mingi juu ya sakafu ya sima. Mutoto alikuwa analala ameficha pua mu shingo yangu.

Bamama ba ile classe bakanung'unika. Mumoja akasema wazi: "Mama ya samaki, utatuua!" Haya ikanikamata. Kesho yake bakatugawia savon ya kunukia maua. Nikajisugua mpaka ngozi ikawaka, nikafua kikwembe, nikaosha na nywele. Nikarudia na furaha. Mutoto akaninusa mara moja, akanisukuma. Nikacheka tu, nikaenda kuteka maji. Mupumbafu mimi!

Kurudia, mutoto hayuko.

Nilimutafuta mu kiwanja, mu kanisa, mu bachoo. Barabara ilijaa basoda na bakimbizi. Eh Mungu wangu, nililia, nikalaani ile savon na bale bamama bote! Kisha nikajiuliza: huyu mutoto anatafuta nini? Sura yangu aliiona asubuhi, akaikataa. Nikafunga kikwembe nguvu, nikakimbia ku soko, upande ya samaki.

Alikuwa pale, chini ya meza ya mama muzee mumoja, amemushika muguu, ametulia.

"Ni wako?" mama akauliza. "Hataki kuniachia."

Nikanyoosha mikono. Mutoto akanusa, akageuza sura sawa vile mimi ni mugeni. Ile iliniuma kupita vita yenyewe. Nikamuelezea yule mama habari ya savon, machozi inatiririka. Akacheka sana, akachukua samaki moja, akanipa.

Nikajipaka mafuta ya ile samaki ku shingo na nyuma ya masikio, mbele ya soko yote, batu banapiga makofi. Mutoto akatoka chini ya meza pole pole. Akaweka pua mu shingo yangu, akavuta pumzi.

"Mama," akasema, na hasira kabisa, "ulikuwa wapi?"