Siku Nilipoliosha Gari la Papa

Mafuta ya gia yana harufu yake peke yake. Si petroli, si mazuti. Ni kama yai bovu lililochemshwa pamoja na kiberiti. Wiki jana nilipita mbele ya gereji moja ya mtaa wa Ndosho, fundi akiwa anafungua tumbo la gari, mafuta meusi yakamwagika juu ya mawe ya volkano, na harufu ile ikanisimamisha katikati ya njia. Pikipiki zikanipigia honi. Dereva mmoja akaniuliza kama nimechoka kuishi. Nawaambia ukweli, wasomaji wangu, wakati huo nilikuwa kwenye kiwanja cha nyumba yetu, nina miaka tisa, na mafuta yamenifika kwenye viwiko.

Papa alikuwa fundi wa magari. Mimi nilikuwa mtoto wake wa kwanza, kwa hiyo mtaa mzima ulimwita Papa Solange, na sidhani kama majirani walilijua jina lake la ubatizo. Alikuwa na gari moja tu la kwake, jipi nyekundu aliyoinunua ikiwa gofu kutoka kwa mfanyabiashara wa kahawa, akaifufua kipande kwa kipande. Aliipenda kuliko alivyokuwa tayari kukiri mbele ya mama.

Lakini mwaka ule wa vita aliamua ionekane imekufa. Watu wenye bunduki walipita mitaani wakichukua kila gari linalotembea; sisemi walikuwa wa upande gani, maana pande zilikuwa nyingi kuliko sare. Kila mwenye gari aling'oa magurudumu, akalipandisha juu ya mawe na kuliachia vumbi. Letu lilipata hata kuku, aliyetaga kwenye kiti cha dereva na kuanza kuatamia. Papa alikataza mtu yeyote kumgusa.

«Huyu njo mulinzi wetu,» alisema. «Nani ataiba motokari yenye mavi ya kuku?»

Mimi nilifundishwa jibu moja la kumpa kila atakayeuliza habari za gari: imekufa. Nililitoa kwa bidii kubwa, hata kwa mama jirani ambaye alikuja kuomba chumvi tu.

Papa alikuwa na sababu ya kuitaka jipi ile iwe hai kwa siri. Mdogo wangu Furaha, wa miaka sita, alikuwa juu kwenye milima ya Masisi kwa bibi yetu, tuliyemwita Koko. Alipelekwa huko baada ya kikohozi kilichomwacha mifupa mitupu, ili anywe maziwa apate nguvu. Sasa watu walikuwa wakiteremka kutoka huko na magodoro kichwani, wakisema risasi zinasikika vilima viwili tu kutoka kijiji cha Koko. Mvua ilikuwa imeigeuza njia kuwa uji, na hakuna gari lililopita isipokuwa lenye kuvuta kwa magurudumu yote manne. Mama aliacha kula chakula cha jioni. Alikuwa anakaa na sahani mapajani akiangalia upande wa Sake, kwenye njia ya kupanda Masisi.

Kilichoharibika kwenye jipi ni ponti ya mbele, ambayo wengine huiita difu: lile bonge la chuma kati ya magurudumu ya mbele, lenye meno ndani yanayopokea nguvu ya injini na kuigawa kulia na kushoto. Meno matatu yalikuwa yamekatika. Papa alipata mengine kwenye gari lililoungua, akaanza kazi mchana kweupe, amelala chali chini ya jipi, huku akilalamika kwa sauti ya juu kwamba anang'oa vipuri akauze. Alitaka majirani wasikie.

Mimi nilikuwa vidole vyake. Vyake vilikuwa vinene kama ndizi, vyangu viliingia popote. Ili kujua kama meno yanakutana sawasawa, nilisaga chaki ya shule, nikaichanganya na mawese na kuyapaka meno hayo kwa unyoya. Papa aliyazungusha, nami nikamulika kwa tochi kutafuta mahali alama ilipoangukia. Ikiwa ukingoni, alifungua tena, akapunguza au akaongeza bati jembamba nyuma ya gia kubwa yenye meno, akafunga.

«Iko katikati?»

«Iko karibu ya katikati, papa.»

«Karibu haitatufikisha kwa Furaha. Tufungue tena.»

Tulifungua hadi nikalia kwa uchovu, naye akanipangusa machozi kwa mkono wenye mafuta, nikaonekana kama nimepigana na makaa. Alama ilipokaa katikati kabisa, akaanza kuiimarisha ponti yenyewe. Ndani yake mna kipete laini ambacho hubonyea na kulegea gari likipigwa sana na mawe. Alikitupa, akachonga kingine cha chuma kigumu. Chini alichomelea bamba nene alilolikata kwenye springi ya lori. Nilimuuliza kwa nini anaweka chuma kingi namna hiyo.

«Sababu tutarudi bengi,» alisema. «Siwezi fika kule nibebe mutoto yangu tu, niache batoto ya bengine ku njia.»

Kazi iliisha siku ya Jumamosi. Safari ilikuwa kesho yake alfajiri. Magurudumu yangefungwa dakika ya mwisho. Papa alikwenda mtaa wa Kyeshero kwa miguu kuchukua petroli iliyofichwa kwa rafiki yake. Mama alikwenda sokoni kutafuta mikate ya njiani. Nilibaki peke yangu na wazo langu.

Furaha alikuwa na tumbo dhaifu. Harufu mbaya kidogo tu ndani ya gari, naye alitapika hadi nyongo. Nikaona: papa amewaza juu ya meno, mawe na tope, lakini hakuna aliyewaza juu ya tumbo la Furaha. Nikamhamisha kuku na mayai yake, nikakwangua kiti, nikasugua kwa sabuni. Kisha milango. Kisha vioo. Maji ya pipa zima, yaliyotekwa ziwani na kupandishwa kwa kichwa, niliyamaliza yote, na ule wekundu ukatokea tena chini ya vumbi. Nilirudi nyuma hatua tatu kuitazama, nikajipongeza.

Pikapu ilipita njiani, ikasimama, ikarudi nyuma. Wakashuka wanne wenye bunduki.

«Motokari ya nani hii?»

«Imekufa,» nikasema. Maji bado yalikuwa yakidondoka milangoni.

Mmoja wao, kijana mwenye kofia ya sufu, akalala chini kuangalia. Nikamsikia akicheka na kumwita mkubwa wao. «Imekufa? Chef, kuya uone. Ponti yote ni mupya!»

Wakati huo papa akaingia kiwanjani na dumu la petroli begani. Aliitazama jipi, akawatazama wao, akalishusha dumu polepole. Waliuliza ni nani aliyetengeneza. Mtaa ulikuwa na mafundi wengine, angeweza kutaja yeyote.

«Ni miye,» alisema.

«Basi utaenda nayo. Ikiharibika, utatengeneza.»

Aliyatoa magurudumu nyuma ya nyumba mwenyewe, akayafunga mwenyewe, bila haraka, kama anamfungia mteja. Kabla ya kupanda alinijia. Nilikuwa bado nimeshika kitambaa kibichi. Alikichukua mkononi mwangu, akakisokomeza katika mfuko wa ovaroli yake, akaniambia nimwangalie mama. Jipi ilipanda mawe ya njia yetu bila kuyumba hata kidogo.

Papa alirudi baada ya wiki tano, kwa miguu, bila gari na bila viatu. Koko alikuwa ametangulia kufika, pamoja na wakimbizi wengine, lakini mikono mitupu. Walikuwa wamejificha msituni, Furaha akashikwa na homa. Koko alimbeba mgongoni siku mbili, na ya tatu akagundua kwamba mtoto hapumui. Walimzika kando ya njia, mahali ambapo hakuweza kutuonyesha baadaye.

Msinifariji kwa kuniambia nilikuwa mtoto. Hilo nalijua.

Jioni ile papa aliporudi, mama, ambaye majirani walimwambia jipi ilipita ikiwa inang'aa, alimuuliza swali moja. Nilikuwa nimejikunyata kwenye mkeka, nikiwasikiliza.

«Nani aliosha motokari?»

«Ni miye,» papa alijibu. «Nilitaka mutoto akute iko safi. Sikuwaza.»

Mama hakupiga kelele. Lakini tangu siku hiyo alimwekea chakula huku amegeuza uso. Gari linalong'aa likipita, aliwaambia wageni, «Muulize huyu, njo anapenda motokari safi,» na papa aliinamisha kichwa akaendelea kutafuna. Ilikuwa hivyo mwaka baada ya mwaka. Ningeweza kusema nilipokuwa na miaka kumi, au kumi na tano, au asubuhi ya ndoa yangu. Mwanzo niliogopa mama atanichukia. Baadaye niliogopa zaidi, maana angejua amemtesa mume wake bure. Nikanyamaza, nami naona aibu kuandika hivyo.

Papa alifariki mwaka juzi kwa ugonjwa wa kifua. Waombolezaji walipoondoka tulikaa wawili, mama na mimi, tukikunja nguo zake. Nikamwambia yote: kuku, sabuni, pipa, kitambaa. Mama aliendelea kukunja.

«Nilijua,» alisema. «Tangu nilirudi ku soko siku ile. Nguo yako ilikuwa maji tupu. Baba yako alikuwa Kyeshero, angeosha saa ngapi?»

«Sasa kwa nini ulimukasirikia yeye, mama?»

«Ningekukasirikia weye? Ulikuwa mutoto, na njo weye peke yako ulinibakilia. Kasirani ilikuwa mingi, Solange. Ilipashwa kwenda kwa mutu.»

Miaka yote nilidhani mimi na papa tulimficha mama. Kumbe wao wawili ndio walionificha mimi nisilaumiwe, kila mmoja kwa njia yake, wakila meza moja, wakilala kitanda kimoja, bila kuambiana. Mtoto wa miaka tisa asingeweza kuliona hilo, na mtu mzima niliyekuja kuwa hakuthubutu kuangalia.

«Papa alijua kama unajua?» nikamuuliza.

Mikono yake ikasimama. Ovaroli ya papa ilikuwa mapajani mwake, imefuliwa, mafuta hayajatoka.

«Hapana,» alisema. «Nilikuwa nangojea siku ya kumwambia.»

Akaufunika uso wake kwa ovaroli ile, na kwa mara ya kwanza tangu mazishi nikamsikia mama akilia.