Hita Juu ya Kitanda cha Dada

Shemeji, mume wa dada yangu, alikuwa bado Muyinga akihangaikia kazi. Akatutumia hita kwenye lori la viazi. Ilikuwa ya kutundikwa ukutani, imetumika lakini nzima, ila vishikio vyake vilibaki huko ilikotoka. Dada alikuwa amejifungua kabla ya wakati, na hospitalini Gitega walisisitiza jambo moja tu: mtoto asipigwe na baridi. Na kiangazi cha huku milimani, asubuhi, masikio yanauma kwa baridi.

Mimi nikafurahi. Nilijiona fundi, watu wanatoka mbali kama Bugendana kuniulizia. Katika kambi ya wakimbizi Tanzania, nilikokulia, kila kitu tulitundika kwa vigingi: unatoboa ukuta wa udongo, unachomeka kigingi, unakandika tope, basi. Nikafanya hivyo hivyo juu ya kitanda cha dada, karibu na umeme, nikaikalisha hita na kuifunga kwa waya.

Mama akaitazama. "Kambini ulitundika vikapu, mwanangu. Vikapu havina moto."

"Itashika, mama."

Jumapili wanawake wa kanisani wakaja na vyakula kumpongeza mzazi. Mlango haukufungika, baridi ikaingia, tukawasha hita mpaka mwisho. Wao wanakula maharage na kucheka, mimi macho ukutani. Tope langu lilikuwa linakauka kwa lile joto. Ukatokea ufa mwembamba kama unywele. Kisha vumbi likadondoka kwenye blanketi la mtoto.

Nikapanda kitandani na viatu vyangu, nikaikumbatia hita.

"We, una nini?" dada akauliza.

"Mchukue mtoto. Polepole."

Alipomwinua tu, kigingi kikachomoka. Uzito wote ukanijia mikononi, hita inachoma, nami siwezi kuachia. Mama akakimbilia kuzima umeme.

Jirani yetu, Mkongomani anayeuza vyuma sokoni, akaja kuona. "Petit, mudogo wangu, ulitaka kuchoma mutoto kama mahindi ya makaa?" Halafu akaona mikono yangu ilivyoungua, akaacha utani. "Ukuta ya udongo haishikake kitu kwa upande moja. Baiskeli yako iko na karia?"

"Iko."

Tukaikata ile karia ya kubebea mizigo. Tukatoboa ukuta mpaka nje, tukapitisha vyuma vyake, na kwa nje tukavikaza kwenye ubao mpana. Kitanda tukakisogeza mbali, ingawa sasa kilizuia mlango, ukawa unafunguka nusu.

Nikainua hita. Dada, mtoto begani, akanizuia.

"Ning'inia wewe kwanza."

"Dada, mimi mzito kuliko hita."

"Ndiyo maana."

Nikashika vyuma kwa vidole vyenye malengelenge, nikakunja miguu. Nilisikiliza ukuta kuliko nilivyowahi kusikiliza mahubiri. Kimya. Ubao haukulia.

"Tena," dada akasema.

Nikaning'inia tena, mpaka akaketi kitandani na kumlaza mtoto.