Wa Kwanza Kutia Mkono

Filomena Haule alikuwa ameandika insha ile mara nne, na mara zote nne ilikuwa nzuri. Hapo ndipo palipokuwa na ugonjwa.

Chuo cha biashara kilitaka maneno mia tano: eleza siku uliyoongoza watu katika hali ngumu. Chini yake kilitaka jina na namba ya simu ya mtu mmoja uliyemwongoza, atapigiwa. Mwisho Ijumaa, saa kumi jioni. Filomena, ambaye soko zima pale Temeke linamwita Mama Hope, aliitaka nafasi hiyo kwa uchu. Mchele wake ulilisha nusu ya mama lishe wa mtaa, lakini kila alipopeleka ombi la kulisha shule au hospitali, maofisa walimkalisha kwenye benchi la nje, wakamwita "mama wa mchele". Wenye vyeti walimpita pale pale benchini, wakaingia.

Cha kuandika hakikumsumbua. Miaka mitatu nyuma, wauzaji arobaini wa kando ya barabara walihamishiwa soko jipya, naye ndiye alikuwa mwenyekiti wao. Walikuwa karibu kushikana mashati. Kila mtu alitaka kizimba cha mlangoni, maana mchele wa mlangoni huisha kabla ya adhuhuri, na wa nyuma huingiwa na wadudu. Akawatuliza, akaitisha kura. Namba ziliandikwa ndani ya vizibo vya soda, vizibo vikamwagwa kwenye kapu, kapu likafunikwa khanga.

"Nilionyesha mfano," aliandika. "Nilikuwa wa kwanza kutia mkono, mbele ya wote."

Kweli tupu. Ambacho hakukiandika ni kwamba Khalfani, katibu wake, alikuwa amekificha kizibo namba moja, cha kizimba cha mlangoni, ndani ya deli la barafu tangu asubuhi, akakidondosha kapuni dakika ile ile kura ilipoanza. Vizibo arobaini, kimoja tu cha baridi. Ndiyo maana ilibidi awe wa kwanza. Angengoja, kingepoteza baridi yake kikafanana na vingine.

Marietha, muuza nyanya, rafiki yake tangu enzi za barabarani, alivuta thelathini na nane: nyuma kabisa, kando ya mtaro.

"Mwenyekiti wangu," alisema, bado akitabasamu, "nyanya kule zitakufa. Si turudie tu, jamani?"

Kurudia hakukuwezekana. Kizibo cha baridi hakipatikani mara mbili.

"Kura ni kura, dada," Filomena alijibu kwa sauti ya kusikiwa na wote. "Mungu ndiye kagawa. Au unataka ukabishane naye?"

Watu wakaangua kicheko. Marietha naye akacheka. Hakuomba tena.

Miezi saba alikaa na nyanya zinazooza. Kisha akajitwisha beseni, akarudi barabarani kutembeza. Lori lililokuwa likirudi nyuma halikumwona.

Filomena si mtu wa ndoto, wala hakuwahi kumwota. Ilikuwa mchana, jua likiwaka, akiwa anapima mchele: sauti nyuma ya bega. Mwenyekiti wangu. Akigeuka, magunia. Alipoanza insha, sauti ikazidi; haukupita mstari wenye neno "niliongoza" bila kumjia. Akahamisha kiti, akaupa ukuta mgongo. Ikaja kutokea ukutani. Alijipigia hesabu kama mfanyabiashara: hata bila kizibo cha baridi, Marietha angeweza kuvuta thelathini na nane. Hesabu ilikuwa sahihi. Haikumsaidia kitu.

Kilichobaki ni jina la kujaza.

"Weka langu," Khalfani alimwambia. "Mie nitakupamba mpaka wakupe na ualimu."

"Wewe? Wakikupigia utacheka, mjinga wewe. Toka hapa."

Alimtaka mtu ambaye sauti yake haina doa. Ijumaa saa nane mchana akatembea hadi nyuma ya soko, mara ya kwanza tangu mazishi. Kizimba thelathini na nane alikirithi Jenipher, binti wa Marietha. Aliuza mkaa. Mkaa hauozi.

"Shikamoo, mama mkubwa."

"Marahaba, mwanangu."

Jenipher akampangusia kigoda. Filomena akaeleza shida yake. Alikuja amejiandaa kwa bei. Kama binti angeomba kona ya kule mlangoni, angempa bila kubishana. Jenipher hakuomba chochote.

"Nitawaambia alivyokuwaga anasema mama," alisema. "Watu wakikuteta, anawafokea: 'Yule alitia mkono wa kwanza, mchana kweupe, sote tunatazama. Mwizi ndo anaanzaga yeye?' Niseme hivyo? Au kuna kingine?"

Pale palikuwa na upenyo. Filomena anaujua upenyo, ndio uliomjengea nyumba: ile pumzi anayovuta mteja kabla hajataja bei. Akafungua mdomo. Mtaro ulinuka. Jenipher alimtazama kwa macho ya mama yake, akisubiri.

"Hivyo hivyo," Filomena alisema. "Usiongeze neno."

Wiki mbili baadaye Jenipher alipiga simu, furaha imemjaa.

"Mama mkubwa, wamenipigia! Dada mmoja mpole, kaniuliza maswali mpaka basi. Eti siku ya kura nilikuwepo? Nikasema hapana, aliyekuwepo ni mama, na yeye ni marehemu. Maneno ni yake, mie nimeyabeba tu. Kaniambia hayo ndiyo yamekupitisha!"

Filomena akashika ukingo wa gunia.

"Na siku ya kufungua masomo," binti aliendelea, "kila mtu atasoma insha yake mbele ya wageni. Wamenialika. Nitavaa ile khanga ya mama, nikae mbele kabisa, unione. Nije, au nitakutia aibu?"

"Njoo," alisema Filomena.