Mashine ya Kimea

Baiskeli ilikuwa yangu, kaka yangu alinipa nilipoolewa, na ndiyo maana mpaka leo nasema mashine ile ya kusagia kimea ilikuwa yangu. Mume wangu, fundi wa malori pale Arua, alileta sahani mbili za chuma chakavu, akazichonga mifereji kwa tindo, akaziunga na mnyororo wa baiskeli. Mimi nikapiga pedali huku nikimwambia kaza, legeza. Kimea cha kwete, pombe yetu ya mahindi, hakitaki kuwa unga. Punje ipasuke tu, ganda libaki, la sivyo pombe inakuwa uji na haichujiki. Tindo iliteleza, mfereji mmoja ukaingia ndani mno, na tangu hapo kila tukisaga zilipita punje nzima nzima. Tulicheka, tukauacha hivyo hivyo.

Kwete yangu ikapata jina. Watu walitoka Ayivu kuifuata, na ndiyo iliyowasomesha watoto wangu.

Halafu mume wangu akaipakia mashine kwenye lori, eti anaipeleka Koboko ikachomelewe miguu. Akarudi mikono mitupu. Akasema askari wameichukua njiani. Miaka ile ya sabini ukiambiwa askari, unafunga mdomo; nani angekwenda kambini kuulizia mashine ya pombe? Nililia, kisha nikamchinjia kuku kwa kushukuru kwamba amerudi mzima. Kuku wangu wa mayai, jamani.

Nikarudi kwenye jiwe la kusagia. Viganja vilitoka malengelenge, kwete ikawa kidogo, wateja wakahamia kwa wenzangu, na binti yangu mkubwa akaacha shule anisaidie kusaga.

Mama yangu mdogo alipofariki, nilikwenda Koboko msibani. Nikapewa kwete ambayo haijachujwa. Funda la kwanza tu, punje nzima ikanigota jinoni. Nikatema kiganjani. Nikanywa tena, nyingine hiyo. Punje za namna ile nilizijua. Nikauliza kimea kimesagwa wapi, wakanionyesha nyumba ya pili.

Nilimkuta mwanamke mjamzito amekaa juu ya baiskeli yangu, anapiga pedali. Alishuka, akanisalimu kwa heshima, akanipa kiti. Nikamwuliza nani alimtengenezea.

"Bwana yangu," akasema. "Yeye iko fundi Arua. Hii ilikuwa ya bibi yake ya kwanza ya kule, lakini ule bibi alikwisha okoka, hapana taka pombe tena."

Nimeokoka! Mimi, niliyekuwa nikisaga kwa jiwe mpaka mgongo unakataa kunyooka. Nilitaka kupiga kelele, lakini yule mwanamke hakuwa na kosa, naye alikuwa ananitazama kwa wema. Nikamshukuru kwa kiti, nikaondoka.

Nilipofika nyumbani mume wangu alikuwa anakula. Akaniuliza habari za msiba. Nikamwambia tumemzika vizuri, na kwete ya Koboko ilikuwa tamu, imesagwa kama ninavyopenda mimi.

Nilimchukia pale pale, kwa sababu hakushtuka hata kidogo. Alimega tonge, akasema binti yangu asage mapema kesho, wateja wasingoje.