Ngazi za Kaburini Qalhat

Mwaka ule ndio tuliokula pilau bila ya vitunguu. Vya India havikuja, vya hapa vikaisha sokoni, na sisi Waunguja tuliohamia Ibra, huku Omani, tukawa tunapika huku tunasonya. Pilau nyeupe kama uso wa mgonjwa. Ndio mwaka huo huo mjukuu wangu alipobeba mimba ya tatu. Mbili za mwanzo ziliharibika. Hii ilikuwa imeshaingia mwezi wa tano, wenzake hawakufika huko. Akikohoa tu chumbani, mimi nishafika mlangoni.

Mjukuu wangu huyu ni injinia wa barabara. Wa kwanza katika ukoo wetu, na ninamtaja kila penye harusi, asiyependa na azibe masikio. Mimi skuli niliishia darasa la tatu, kule Unguja. Asubuhi moja akaniambia, "Shikamoo, bibi. Vaa buibui, twende Sur, pwani, tukanunue nguru."

Nguru Ibra wapo. Nikajua pana jambo. Lakini nikavaa.

Sur tukaipita. "Ala! Nguru wako wamehamia wapi?" nikamuuliza.

Akacheka kidogo, macho barabarani. "Qalhat, bibi. Kwenye lile kaburi la kale."

Hapo ndipo nilipoiona chupa ya marashi ya waridi ya mlima wa Jabal Akhdar baina ya viti, na kifuko cha ubani. Alipokuwa mdogo nilikuwa nikimhadithia vipi wanawake wa kwetu wakienda kwenye magofu kuweka nadhiri: wafukize ubani, waoshe kaburi kwa marashi, waombe mtoto akae. Nikimhadithia apate usingizi. Kumbe mwenzangu anayaweka moyoni.

"Mumeo anajua?"

"Anajua tumefuata samaki."

Qalhat ni mji mzima ulioanguka. Mawe juu ya mawe, mbuzi wanapita palipokuwa vyumba vya watu, na bahari chini inang'ara mpaka inaumiza macho. Limebaki jengo moja limesimama, hilo la kaburi. Kuba lake limeporomoka, ukiingia ndani unaona mbingu. Ukutani bado pana matao mazuri. Lakini mimi matao sikuyaangalia, nilikuwa naangalia miguu yake. Kila kokoto lililoteleza, "Ya Rabbi."

"Bibi, unanitia wasiwasi."

"Wasiwasi umekuja nao mwenyewe, ndani ya gari."

Pana tundu, na ngazi zinashuka mpaka chumba cha chini ya ardhi, lilipo kaburi lenyewe. Zimelika, nyembamba, zimejaa mchanga. Akavua viatu. Mkono mmoja chupa, wa pili akaninyooshea.

"Nishike, bibi. Nishuke nioshe, nipande. Basi."

"Mkono sikupi."

"Wewe mwenyewe uliniambia watu wakienda!"

"Nilikwambia walikwenda. Sikukwambia wewe nenda. Si injinia wewe? Hebu zitazame hizo ngazi. Ungempitisha mtu?"

Akazitazama. "Daktari hana la kuniambia, bibi. Kila nikienda, tusubiri, tusubiri. Mimi siwezi kusubiri tu. Nataka nifanye kitu."

Akashusha mguu wa kwanza peke yake. Jiwe likachomoka, likabingirika gizani, likagonga, likagonga tena. Nikalikamata buibui lake kwa nyuma, mikono miwili, nikakaa kitako palepale kwenye vumbi ili uzito wangu umzuie, na mashallah uzito ninao. Akarudi nyuma, akakaa ubavuni pangu, akalia kama alivyokuwa akilia utotoni, bila ya kujificha.

"Mimina marashi yako hapa hapa juu," nikamwambia. "Mwenye kusikia ni Mungu, na hapa pia anasikia."

Hakumimina. Alijifuta uso kwa mtandio, akashika tumbo, kisha ule mkono akaunyoosha tena.

"Nakuomba, bibi. Na huyu naye akitoka, utaniambia nini?"

Vidole vyake viko mbele yangu, vidole nilivyovifundisha kula wali. Nikaiingiza mikono yangu ndani ya buibui, nikaikunja, nikaikalia.

"Mkono sikupi."