Mama Sindano na mstari ambao taasisi haikuuchapa

Saa moja kasorobo asubuhi, mtoto wa miaka mitatu anazunguka nyumba mbio huku akipiga mayowe. "Mama Sindano huyo! Mama Sindano kaja!" Kiatu chake kimoja kimebaki mlangoni. Mwanamke anayekimbiwa amesimama uani na kisanduku cha baridi begani, anacheka, wala hana haraka.

"Wakishakua wananiamkia vizuri tu njiani," anasema. "Lakini wakiwa wa umri huu, mimi ndiye adui yao namba moja."

Ana miaka hamsini na minane. Cheo chake kwenye karatasi ni msaidizi wa utafiti. Kazi yenyewe ni kutembea nyumba hadi nyumba, karibu kilomita kumi na moja kwa siku, akichukua damu ya watoto wa chini ya miaka mitano kwa ajili ya taasisi ya utafiti wa magonjwa ya watoto, ile yenye geti la kijani na majani yaliyokatwa yakakatika. Kazi hiyo ameifanya miaka kumi na minne.

Mtoto anakamatwa na mama yake na kuletwa mzobemzobe. Mama Sindano anakifumbata kiganja chake mpaka kipate joto, anamuuliza kile kiatu kingine kiko wapi, na kabla mtoto hajapata jibu kidole kimeshachomwa. Damu inaingia kwenye kijichupa chenye kifuniko cha zambarau. Halafu zinabandikwa stika tatu zenye namba ile ile: ya kwanza kwenye kijichupa, ya pili kwenye fomu, ya tatu kwenye kadi ya kliniki ya mtoto. Jina halisafiri na damu. Linabaki kwenye orodha iliyofungiwa kabatini, ili siri ya mtoto isizagae. Ni utaratibu mzuri, na yeye mwenyewe anautetea.

Lakini chini kabisa ya fomu kuna kitu ambacho hakimo katika utaratibu wowote. Ni mstari uliochorwa kwa kalamu na rula, na maneno ya mkono: *Mama ameambiwa majibu? Tarehe. Sahihi.* Ameuchora yeye. Ameshapewa barua mbili za onyo, na ya tatu itamtoa kazini.

Mambo yalianzia kwenye utafiti uliopita, wa kikohozi na homa ya mapafu. Watoto 312 walitolewa damu. Kila mlango Mama Sindano aliisoma fomu ya ridhaa kwa sauti, na kila mlango aliulizwa swali lile lile: majibu yatarudi lini?

"Nikawa nawaambia yatarudi, msijali. Nilikuwa naamini kabisa. Nani asingeamini, jengo lile lote na makoti meupe yale?"

Hayakurudi. Siku ya kutangaza matokeo wageni walijaa ukumbini, na yeye akakaa nyuma kabisa pamoja na madereva na wafagizi. Mtafiti mkuu akaonyesha takwimu zake ukutani. Kati ya watoto wale, kumi na tisa walikutwa na selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi unaomtesa mtoto kwa maumivu ya mifupa na kumwacha wazi kwa maradhi mengine. Walipimwa ili ijulikane kama wao ndio wanaougua zaidi mapafu. Ikaonekana ndivyo. Watu wakapiga makofi, na Mama Sindano akanyoosha mkono.

"Nikauliza, samahani daktari, mama zao wanajua? Akanijibu, 'Hilo halikuwa kwenye andiko la utafiti.' Halafu wakaenda kunywa chai."

Andiko! Watu wazima, wasomi, wenye watoto wao nyumbani, walikaa na majina kumi na tisa kabatini na ufunguo mfukoni, na haikumpitia hata mmoja kichwani kwamba upande wa pili wa namba kuna mtu anayekesha na mgonjwa. Inatia hasira, na ni haki itie hasira.

Nyuma ya ripoti waliyogawiwa kulikuwa na jedwali la namba za watoto wale kumi na tisa. Mama Sindano alipitisha kidole kwenye namba moja moja, akakwama kwenye 117. Hiyo aliikumbuka, kwa sababu siku ya stika mama wa mtoto, mshonaji wa nguo, alicheka na kusema, "Sasa mwanangu kawa chumba cha hoteli."

Kesho yake alikwenda, akaomba kuiona kadi. Ilikuwa 117. Binti mwenyewe, wa miaka minne, alikuwa amelala juu ya vipande vya vitambaa pembeni ya cherehani, miguu imevimba. Alikuwa ameshalazwa mara mbili, na mara zote alirudishwa na dawa za kutuliza maumivu.

"Majirani walikuwa wananiambia mtoto wangu mvivu, anadeka," anasema mshonaji. "Hata mimi siku moja nilimchapa kwa kukataa kutembea. Nilimchapa." Mguu wake unaacha kukanyaga cherehani. "Kumbe kuna watu wanajua. Tangu lini? Miezi kumi na moja! Na kutoka hapa kwangu mpaka lile geti ni dakika ishirini kwa miguu."

Leo binti huyo anatumia dawa kila siku na amerudi kucheza. Mama Sindano naye akapata barua ya kwanza: kutoa taarifa za utafiti bila idhini.

Hakunywea. Asubuhi tisa mfululizo alisimama mlangoni mwa ofisi akiomba kabati lifunguliwe, na siku ya tisa muuguzi mkuu, pengine kwa kuona aibu, akampa orodha. Wale kumi na tisa akawafuata wote. Kumi na watano aliwapata na kuwapeleka kliniki. Watatu walikuwa wamehama. Kwa mmoja alipiga hodi, akakaribishwa ndani, akaonyeshwa picha ya mtoto ukutani.

"Yule mama hakunigombeza. Aliniletea kiti," anasema. "Bora angenigombeza."

Ilichukua safari tatu gazeti hili kupata kauli ya taasisi. Ofisa habari alisema wanasikitishwa na suala hilo linafanyiwa kazi. Alipoulizwa linafanyiwa kazi na nani, aliangalia saa yake.

Sasa umeanza utafiti mpya, wa figo, watoto mia nne. Fomu zilikuja zikiwa zimefungwa vizuri kwenye nailoni, na nafasi ya kumwambia mama haikuwemo. Mtunza takwimu, kijana mpole, alijaribu kumpoza. "Shangazi, kompyuta haina pa kuingiza hiyo. Unajichosha bure."

"Kompyuta isiione, mimi nitaiona," alimjibu, akabeba fomu akaenda nazo nyumbani.

Mume wake, dereva mstaafu, alimsihi aache. Imebaki miaka miwili tu, alimwambia, kwa nini ujitafutie balaa? Mkewe hakubishana naye. Alitoka kidogo kuchota maji, na aliporudi alimkuta mzee kavaa miwani, rula mkononi, ameshachora mistari ishirini. Walimaliza Jumapili jioni. Barua ya pili ilisema ameharibu nyaraka za taasisi.

Anachotaka ni kitu kimoja: kabla hajastaafu, mstari ule uchapwe kwenye kila fomu, na kila mama aambiwe. "Wasinikatie keki ya kuniaga," anasema. "Wachape huo mstari, basi, mimi nakwenda zangu kupumzika."

Uani, mama wa yule mtoto ameshatia sahihi ya ridhaa, lakini fomu hajaiachia. Anautazama ule mstari wa chini kabisa.

"Na hapa mbona hamjajaza?"

"Hapo utajaza wewe, mwanangu. Siku nikikuletea majibu."

"Na usipokuja?"

Mama Sindano anafunga kisanduku, anakitupia begani. "Nisipokuja ujue wameshanifukuza. Chukua kadi ya mtoto uende pale getini, waambie umefuata majibu ya namba hii. Wakikwambia rudi kesho, kaa chini hapo hapo."

Mtoto amerudi kufuata kiatu chake, kidole bado kakinyanyua juu. Mama yake anaifungua kadi, anaisoma namba kwa sauti, kisha anairudia tena ili asiisahau.