Salamu za Barabara ya Nanyala

Juzi lori lilinimulika taa mchana kweupe. Niliinua mkono kwanza, ndipo nikakanyaga breki.

Nilipokuwa mtoto, baba alinipeleka Mbeya kununua viatu vya shule, kwa pikapu iliyonuka kahawa mbichi. Turubai la nyuma lilikuwa linapigapiga, naye baba macho yote kwenye kioo cha pembeni, akilitazama.

"Baba, madereva wanatusalimia kwa taa."

"Nawe wasalimie," alijibu, bila kupunguza mwendo.

Nikapunga mkono mpaka Nanyala, trafiki alipotusimamisha. Hela ya viatu ikaishia kwenye faini. Kwamba zile taa zilikuwa zikituonya kuna trafiki mbele, nilikuja kujua nilipojifunza udereva.

Nyumbani mama aliulizia viatu. Baba akampa risiti.

"Nilikimbiza gari," alisema. Salamu zangu hakuzitaja, siku ile wala baadaye.